Lambo Lililo Chini ya Miguu Yenu

Rehema, wewe na wenzako msinune nikisema haya. Mwaka jana mliponichukua nyumbani kwangu Tabora mjini na kunipeleka upande wa Ziba niwaonyeshe malambo ya zamani, mlinitendea vizuri sana. Mlinipa kiti cha mbele, mlininunulia soda, mkanishika mkono kunishusha garini kana kwamba mimi ni trei ya mayai. Kisha wewe ukarusha droni yenu, ukatazama kioo cha simu, ukaniambia kwa adabu kabisa, "Mzee Paskali, samahani, nadhani umesahau mahali. Hapa hapajawahi kuwa na lambo."

Ulikuwa umesimama juu yake. Chini ya raba zako, kina cha watu wawili, mmoja kasimama mabegani mwa mwenzake, kulikuwa na sakafu ya udongo niliyoisimamia mimi mpaka ikashindiliwa. Ule mstari wa vichaka vya miiba ulioniuliza kama ni mpaka wa shamba ndio mgongo wa tuta. Nilisema jua kali, nikarudi garini. Mkadhani nimechoka. Nilikuwa nalia, na mtu mzima hapendi kuonwa akilia na watu waliomnunulia soda.

Sasa mmeniandikia kwamba mnatafuta mahali pa lambo jipya huko huko, na mnaomba niwape uzoefu wangu. Nitawapa. Ila uzoefu wangu mwingi ni wa kukosea, na kosa moja ni kubwa kuliko mengine yote, kwa hiyo mniwie radhi nikizunguka kidogo kabla ya kulifikia.

Kazi ya malambo nilifundishwa na Mzee Salumu, mpimaji wa zamani, mzaliwa wa Tabora, mtu wa kanzu siku ya Ijumaa na kaptula siku nyingine zote. Wiki yangu ya kwanza nilishika kijiti cha kupimia juu chini, tarakimu zikiwa zimepinduka, na yeye akachungulia kwenye darubini yake asubuhi nzima akiandika tu. Jioni akanionyesha mchoro. "Hongera, Paskali," akasema, "leo umegundua bonde juu ya kilima." Alinitania kwa bonde hilo mpaka siku anastaafu.

Yeye udongo aliuonja. Kweli, aliutia ulimini. Mchanga unakwaruza meno, ule laini wa mfinyanzi unateleza kama uji uliopoa. Kama hamtaki kuonja, fanyeni hivi: lowesheni udongo kidogo, usokoteni kama kamba, kisha ukunjeni uwe pete. Pete isipopasuka, huo unafaa kujengea tuta. Ikipasuka, huo ni wa kujengea matatizo.

Siku moja alinipeleka nje ya mji, upande wa Kwihara, akanisimamisha kwenye mfereji mpana uliofika kiunoni, majani yameota kingoni. Akaniuliza mto huu unaitwaje. Nikasema sijui. Akacheka. Haukuwa mto. Ilikuwa njia ya misafara, moja ya zile zilizokuwa zikileta wapagazi kutoka pwani na kuwapeleka Ujiji. Babu yake alipita hapo na mzigo kichwani. Nyayo zilimaliza majani, akasema, mvua ikaona pameachwa wazi, ikaingia, na mwaka baada ya mwaka ikachimba. Misafara ilikwisha zamani lakini maji bado yanaifuata njia ile.

Halafu akanieleza mchanga kwa namna ambayo sijasikia mtu akiieleza vizuri zaidi. Maji yanayokimbia ni mpagazi mwenye nguvu, anabeba kokoto, mchanga, tope, vyote. Akianza kuchoka, yaani mteremko ukipungua au akikuta maji yaliyotulia, anatua mzigo, na anatua kilicho kizito kwanza. Kokoto zinaangukia mlangoni, pale maji yanapoingilia. Mchanga unafuata. Tope laini linasafiri mpaka mwisho kabisa na kutulia polepole, siku nzima, siku mbili. Msiniamini mimi. Jazeni chupa maji, tieni konzi moja ya udongo wa shambani, tikiseni, wekeni dirishani, mtazame. Mimi chupa kama hiyo ninayo dirishani kwangu mpaka leo, ila si mimi niliyeijaza. Nitawaambia ni nani.

Mkichimba shimo pale uliposimama, Rehema, mtaona ukutani mistari mistari. Mstari mnene wa mchanga mkavu ni mvua moja kubwa. Utando mwembamba wa tope juu yake, uliopasuka vigae vigae, ni jua lililofuata. Kila mwaka umejiandika. Na juu kabisa mtakuta vumbi laini ambalo halikuletwa na maji. Hilo ni la upepo. Mnaona Agosti kisulisuli kinavyotembea pale kwenye uwanda? Kinapeta ardhi kama mama anavyopeta mpunga. Kilicho laini kinapaa, kinakwenda kwenye macho ya watu na kwenye sufuria zao. Mchanga mzito zaidi unaruka ruka chini chini mpaka ukutane na kichaka, hapo unatulia nyuma yake na kufanya kilima kidogo chenye mkia. Ukitaka kujua upepo ulitoka wapi, tazama mkia umeelekea wapi, nenda kinyume chake. Kokoto zinabaki zimelala wazi. Wageni wakipita wanasema hili ni jangwa la tangu enzi. Wewe pia ulisema maneno ya namna hiyo. Sikukulaumu, maana hukuona kilichokuwapo.

Mimi niliona. Palikuwa na majani yaliyonifika kifuani, na yalikuwa na mwenyewe.

Mnajua ngitili, au mmesikia. Ni kipande cha malisho ambacho mwenyewe anakifunga mvua zinapoanza. Hakuna ng'ombe anayekanyaga mle, wa kwake wala wa jirani, mpaka kiangazi kikaze na majani ya kwingine yaishe. Hakihitaji ukuta. Kila mtu anajua. Pale juu ya bonde nililochagua kulikuwa na ngitili ya mama mmoja mjane aliyeitwa Kabula, nasi sote tulimwita mayu Kabula, kwa maana ya mama. Mumewe alikuwa ameianzisha, yeye akaitunza baada ya mume kufa, na watu walikuwa wakimcheka kidogo kwa jinsi alivyokuwa mkali nayo. Aliwahi kumfukuza mbuzi wa mwenyekiti wa kijiji kwa fimbo mpaka mlangoni kwa mwenyekiti.

Wakati huo Mzee Salumu amekwisha kustaafu, nami ndiye fundi mkuu. Lile lilikuwa lambo langu la kwanza kulichagua peke yangu. Bonde lilikuwa zuri, shingo nyembamba, sakafu ngumu. Shida ilikuwa udongo wa tuta. Kila shimo nililochimba bondeni pete ilipasuka. Nikapanda juu, nikachimba kwenye ngitili, nikasokota, nikakunja. Pete ikakaa kama ya harusi.

Nikaenda kumwomba mayu Kabula mbele ya mkutano wa kijiji. Nikasema tutachukua udongo pale, na kwa kuwa majani yatakuwa yametoka tayari, njia ya ng'ombe kwenda majini ipite hapo hapo, moja kwa moja, maana upande mwingine kuna mashamba ya watu yaliyozungushiwa minyaa. Mayu Kabula alisimama. Alikuwa mwembamba, kitenge kimefungwa kifuani, na hakuwa na haraka.

"Fundi," akasema, "majani haya ng'ombe wangu wanakula Oktoba. Hayo tuyaache. Lakini mvua ikinyesha inafikia hapa kwanza. Inapumzika, ndipo inateremka. Ukiyatoa, itapumzika wapi?"

Nikajibu papo hapo, "Itapumzika lamboni, mayu."

Mkutano mzima ukacheka. Wengine wakapiga makofi. Hata mimi nilijiona nimesema jambo la maana, nikatabasamu. Wanangu, nimefanya hesabu nyingi mbovu maishani, lakini hakuna ninayotamani kuifuta kama jibu lile. Kwa sababu swali lake lilikuwa ndiyo kazi yangu yote, na nilikuwa nimelijua jibu lake sahihi tangu siku ile kwenye njia ya misafara. Nilisimama ndani ya mfereji uliochimbwa na nyayo, nikaelezwa, nikaelewa. Kisha miaka kumi baadaye nikachora mfereji mwingine kwa mkono wangu na kuuelekeza kwenye lambo.

Watu walikuwa wanataka maji. Wanawake walikuwa wanatembea mbali mno. Mayu Kabula hakuweza kusimama mbele ya kiu ya kijiji kizima. Akaketi, kisha akasimama tena.

"Haya, chukueni. Lakini majani yasiporudi, uje wewe mwenyewe uniambie. Usimtume mtu."

"Nitakuja, mayu," nikasema.

Mwaka wa kwanza lambo lilijaa maji mpaka kwenye mlango wa kufurikia. Watoto waliogelea, bata wa porini wakaja, mimi nikawa fundi hodari. Nilipaka rangi kibao cha kupimia maji mwenyewe, nyeusi na nyeupe, nikakisimamisha karibu na tuta.

Mvua za mwaka uliofuata, mayu Kabula alikuja ofisini. Mara ya kwanza sikuwepo, nilikuwa kazini porini kweli. Mara ya pili nilikuwepo. Nilimwona dirishani akishuka kutoka barabarani, matope mpaka magotini, mkononi ana chupa ya soda imezibwa kwa gunzi, na ndani yake maji mekundu kama chai ya rangi. Nilielewa kabla hajafika getini. Siku hizo wakubwa walikuwa wanakuja kuliona lambo, lilikuwa fahari yangu, na mimi sikutaka kusikia habari za maji mekundu wiki ile. Nikamwambia mlinzi, "Mwambie fundi yuko porini." Nikaketi sakafuni chini ya dirisha, mtu mzima mwenye mke na watoto.

Jioni mlinzi akaniletea chupa. Tope lilikuwa limeshatulia. Vidole vitatu, chupa moja. Ndiyo ile iliyo dirishani kwangu.

Baada ya hapo niliendelea kuandika ripoti. Sikilizeni kosa hili vizuri, kwa sababu nanyi mtalifanya, na vyombo vyenu vya kisasa vitawasaidia kulifanya kwa haraka zaidi. Kibao kinasoma uso wa maji. Uso ukiwa juu, unaandika lambo limejaa. Hakuna mahali popote kwenye kibao pameandikwa sakafu imefika wapi. Msimu baada ya msimu niliandika mita tatu, mita tatu, mita tatu. Siku moja nimesimama juu ya tuta na daftari, nimeandika hivyo hivyo, ng'ombe mmoja akaingia majini upande wa pili na kuanza kuvuka. Nikangoja azame aogelee. Hakuzama. Alipita katikati ya lambo langu la mita tatu, maji yakimfika magotini, akatokea upande wangu, akasimama akaniangalia huku akicheua. Kwa hiyo chukueni mti mrefu, ingieni na mtumbwi au ingieni na suruali, mguse chini. Kila mwaka.

Njia ya ng'ombe ilikuwa imekuwa korongo. Kichwa chake kilipanda juu kila mvua, kikila ile ngitili iliyovuliwa majani, kikiteremsha mchanga. Mchanga ulijaa mlangoni, ukasogea, ukasogea. Nilijaribu mawe, nilijaribu magunia. Ulikuwa ni usumbufu tu kwa maji. Miaka haikuwa mingi, visima vya kuchimba kwa mikono mchangani ndivyo vilivyobaki, kisha navyo vikaenda chini mno. Watu wakaanza kuhama na mifugo yao kwenda kusini, kwenye misitu ya miyombo ya Sikonge. Mayu Kabula alihama na mwanawe Mabula. Nilisikia. Sikwenda kumuaga, na lile neno nililomwahidi sikulipeleka. Nilikuwa najiambia kwamba anaona kwa macho yake majani hayakurudi, kuna haja gani ya kumwambia. Nikastaafu na maneno hayo mdomoni.

Mpaka wewe, Rehema, uliposema hapajawahi kuwa na lambo. Ndipo nilipoona kwamba sisi wawili tu, mimi na yeye, ndio tuliobaki tunajua jambo lote tangu mwanzo, na mmoja wetu anaishi Sikonge na ni mzee.

Wiki mbili baada ya safari ile nilipanda gari, kisha bodaboda, njia ya vumbi katikati ya miti yenye mizinga ya nyuki. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, anabambua karanga. Amekuwa mdogo, karibu aishie ndani ya kitenge. Macho yamepungua nuru.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu.

Mikono ikasimama. "Mwadila, fundi."

Nikachuchumaa mbele yake. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani, yakanipotea yote isipokuwa yale ya zamani. "Mayu, nimekuja kukwambia majani hayakurudi."

Akaendelea kubambua. Alimaliza karanga mbili tatu, akapuliza maganda. "Umechelewa."

"Nimechelewa, mayu."

"Ile siku ya chupa," akasema, "baiskeli yako ilikuwa ukutani. Ile yenye kengele ya njano. Mlinzi ananiambia fundi yuko porini, mimi naitazama baiskeli. Nikasema moyoni, labda ana kazi, ataimaliza. Nikakaa pale kivulini mpaka basi la jioni. Nilidhani utatoka."

Nililia mbele yake, safari hii bila kusingizia jua. Miaka yote ile nilidhani uongo wangu ni siri ya mimi na mlinzi, kumbe yeye aliubeba kutoka Ziba mpaka Sikonge. Nikamwomba msamaha. Hakusema amesamehe na hakusema hakusamehe. Alininyooshea kiganja cha karanga, akasema, "Kula. Ulisema utakuja, umekuja."

Baadaye akadai fimbo yake, akanishika begani, tukapanda nyuma ya nyumba polepole. Kulikuwa na majani yamesimama marefu, eneo pana kuliko kiwanja cha mpira, na kuzunguka kote hakuna alama ya kwato. Alikuwa ameifunga ngitili nyingine ugenini, uzeeni. Aliyapapasa majani kwa mkono, akanigeukia na yale macho yaliyofifia.

"Hii sikupi," akasema.

"Siombi, mayu."

Akacheka, hana meno mengi, nami nikacheka huku pua inanitiririka. Hicho ndicho kicheko pekee kati yetu ambacho sikionei aibu.

Kwa hiyo lambo lenu jipya, tazameni kwanza juu yake, si bonde lenyewe. Kama kuna majani, yaacheni, udongo utafuteni kwingine hata kama ni mbali na gari litachoka. Ng'ombe wasifike majini. Pitisheni bomba chini ya tuta, jengeni birika la kunyweshea upande wa nje, na njia yao iende kwa kukatisha mteremko, isishuke nao. Na mtu wa pale akija ofisini na chupa ya maji mekundu, siku yoyote ile, hata wakubwa wawe wamejaa ofisini, tokeni nje.

Kabla ya mvua za mwaka huu Mabula alinipigia simu. Mayu Kabula amefariki. Nikaenda. Watu walikuwa wengi, wengine nikawatambua, ni wale wale waliocheka kwenye mkutano, sasa ni wazee kama mimi. Mabula akanitoa pembeni. Alisema eneo lile lina mteremko, mvua zinakaribia, na makaburi mawili ya jirani yalianza kuchimbika msimu uliopita.

"Mzee, wewe ndiye unayeyajua maji," akasema. "Tumlaze wapi yasimfikie?"

Sikuwa na darubini wala kijiti. Nilitumia macho, miguu, na ndoo ya maji niliyoimimina chini hapa na pale nione inakoelekea. Nilipima kulia kwa nyumba, maji yakakimbia. Nilipima chini karibu na boma, yakakimbia na udongo. Nikapanda juu, nikamimina mara tatu, kwa sababu sikutaka kukosea tena kwa mtu yule, na mara zote tatu maji yalikaa, yakazama taratibu, hayakwenda popote. Hapo ndipo nilipopigilia vigingi vya kaburi lake, katikati ya majani aliyoninyima.